Biharusi, homa usiipe jina kabla ya kipimo



Dada zangu, na nyinyi mabiharusi mnaohesabu siku za Mfunguo Mosi, leo sikuleta mtindo mpya wa hina wala rangi ya mtandio. Nimekuja na neno moja tu: homa. Najua si neno la kuwekwa karibu na asumini. Lakini nilikaa kando ya kitanda cha hospitali nikimuuguza mwari ambaye hina ilikuwa bado haijamtoka mikononi, na tangu siku ile najiambia kwamba sisi wakubwa tuna deni kwa hawa watoto tunaowaoza mbali.

Mtoto wa dada yangu aliolewa Butiama. Ndiyo, Butiama hiyo hiyo ya Mwalimu Nyerere, mkoani Mara. Kijana alikuja Unguja kikazi, posa ikaletwa kwa heshima, mahari yakatolewa, nikahi ikasomwa Ijumaa. Wazee wakatania kuwa huu ndio Muungano wa pili. Wiki iliyofuata tukamsindikiza kwa mumewe: boti mpaka Dar es Salaam, siku mbili kwa jamaa zetu Kariakoo, halafu basi la Musoma, safari ambayo mgongo wangu unaikumbuka mpaka leo. Tukashuka Makutano usiku, wakwe wametungojea na gari, tukaingia Butiama mvua inanyesha.

Walitupokea vizuri, mashaallah. Mama mkwe, mtu mzima wa maneno machache, alikuwa ametayarisha chumba cha maharusi na juu ya kitanda ametundika chandarua kipya chenye dawa. Sisi wanawake wa kisiwani tukaingia na mashuka yetu, vikuba na maua, tukatazama kile chandarua, tukaona kinaharibu picha. Tukakikusanya, tukakifunga fundo juu ya dari. Nasema "tukakifunga", lakini aliyeshika kamba ni mimi. Mama mkwe alituangalia, akanyamaza. Mgeni hakosolewi.

Sisi wasindikizaji tulirudi baada ya siku nne. Maharusi wakabaki siku kumi na sita, kisha wakaja Unguja kuonana na wazee. Siku ya nne tangu warudi, mwari akaamka na homa.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka kuwa daktari. Jirani akasema kidingapopo, maana mtoto wake alikuwa nacho mwezi uliopita. Dada yangu akasema kidingapopo, maana mwari alilalamika kichwa na viungo. Nikauliza mimi, "Isije ikawa malaria?" Nikachekwa. Malaria Unguja iko wapi siku hizi? Dukani tulikokwenda kutafuta dawa hakuna aliyeuliza jambo lolote. Tukapewa vidonge vya maumivu na tukaambiwa anywe maji mengi. Mtu akaleta na juisi ya majani ya mpapai. Siku ya tatu mwari hakuweza kusimama kwenda msalani, na maneno yake yalikuwa hayaeleweki vizuri.

Hospitalini alitupokea tabibu wa makamo. Hakuanza na dalili. Aliuliza, "Mama, huyu ametoka wapi?" Dada yangu akajibu, "Ametoka nyumbani." Yule tabibu akarudia taratibu, "Kabla ya nyumbani?" Nikasema, "Butiama." Akamchoma kidole pale pale, na muda mfupi baadaye ile mistari miwili ikajitokeza. Malaria, na ilikuwa imeshakuwa kali. Akalazwa siku tano, akapigwa sindano za mshipa. Alhamdulillah, leo ni mzima. Lakini ningependa mjue kwamba yule mtoto alikaribia kufa kwa sababu ya fundo la chandarua na neno moja tulilolisema kwa uhakika mkubwa bila kulijua.

Upofu wa pande mbili

Maoni yangu ni haya, na ninayasema wazi: tatizo letu si kwamba hatujui dalili za homa. Dalili tunazijua, tena tunazijua kwa kuzihesabu. Tatizo ni kwamba kila mahali pana homa yake pendwa, na tukishaipenda tunampa kila mgonjwa.

Huku visiwani kazi kubwa ilifanyika. Vyandarua, kupuliza dawa ndani ya nyumba, vipimo na dawa mseto viliishusha malaria mpaka chini ya asilimia 1. Ni neema. Lakini neema hiyo imetusahaulisha. Msichana aliyezaliwa Unguja miaka ya karibuni huenda hajaumwa malaria hata mara moja, na mwili wake haujazoeana nayo kabisa. Akienda Bara anakwenda kama mtalii aliyetoka Ulaya, ila yeye hana habari kama ni mtalii.

Kule Mara mambo ni kinyume. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 uliwakuta na malaria asilimia 8 ya watoto wadogo wa Tanzania Bara waliopimwa, na Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya juu, pamoja na jirani zake wengi wa Kanda ya Ziwa. Ziwa lipo, mvua ipo, mabonde yenye maji yapo. Basi huko kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi haithibitishwi. Wifi yake mwari alinisimulia mwenyewe. Alikuwa ametoka Dar kufuata mzigo wa vitenge, akarudi Butiama, akashikwa na homa ya ghafla, macho yanamuuma kwa ndani hata kuyageuza hawezi. Alipimwa malaria, hana. Akapewa dawa ya malaria vivyo hivyo, kwa hoja kwamba kipimo wakati mwingine hakioni, na juu yake sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu. Siku mbili baadaye fizi zikaanza kutoka damu na hedhi ikamjia nje ya siku zake, nyingi mno. Hakuna aliyewahi kumwambia alikuwa na nini. Mimi si daktari wala sitampa jina leo. Ila nikimsikiliza namuona mwanamke ambaye homa yake ilipewa jina la mahali alipo, na hakuulizwa alikotoka.

Mwari wetu alitoka kwenye malaria akatibiwa kama wa kisiwani. Wifi yake alitoka Dar, ambako mwaka 2014 na tena 2019 kidingapopo kililaza watu wengi, akatibiwa kama wa Mara. Kosa ni moja, limevaa mabuibui mawili.

Hata jina lenyewe lilikosewa

Tusidhani kuchanganya homa ni ujinga wa leo. Neno la Kiingereza la kidingapopo, "dengue", wataalamu wengi wanalihusisha na Kiswahili chetu, "kidinga pepo". Daktari mmoja Muingereza, James Christie, alikuwa akitibu hapa Unguja mwaka 1870 ulipozuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo, akaandika kwamba wenyeji waliuita jina hilo, na kwamba wazee walikumbuka mlipuko mwingine kama huo wa miaka ya 1820. Lakini wasomi waliosoma tena maelezo yake karne moja baadaye walisema: viungo kuuma namna hii na maumivu kudumu muda mrefu, hii inafanana zaidi na chikungunya. Yaani inawezekana jina letu limekwenda duniani kote likiwa limebandikwa juu ya ugonjwa mwingine.

Na chikungunya nayo ni jina la kwetu. Ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa namna mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Ilitambuliwa katika mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2004 ilifika Lamu, na inakadiriwa robo tatu ya watu wa mji ule waliipata, kisha mwaka uliofuata ikavuka kwenda Komoro. Wenye jamaa Lamu na Ngazija waulizeni wazee wao. Watakuonesheni vidole vilivyokataa kukunja ngumi kwa miezi.

Kwa upande wa Mara kuna ndugu wa tatu ambaye wengi hatujamsikia. Mwaka 1959 kulizuka Uganda, katika nchi ya Waacholi, homa iliyovunja watu viungo. Waacholi wakaiita o'nyong'nyong. Ikateremka na kulizunguka Ziwa Viktoria, ikaingia Kenya na Tanganyika, na kwa miaka michache iliwapata watu wanaokadiriwa kufika milioni 2. Inafanana na chikungunya kama pacha. Tofauti yake kubwa ni mbu wake: o'nyong'nyong huenezwa na mbu wa malaria, yule wa usiku.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Kama madaktari wenye vitabu walichanganya majina haya kwa miaka mia, mimi na wewe tuna haki gani ya kusimama mlangoni na kutangaza "hiki ni kidingapopo"?

Basi zinatofautianaje?

Dalili nitazitaja, lakini nataka uzisome kama mtu anayesoma alama za njia. Zinakuonesha upande wa kutazama. Mwisho wa safari ni kipimo.

Malaria huja na homa, baridi ya kutetemeka, jasho, kichwa, kichefuchefu au kutapika, na mwili kuchoka. Ile habari ya homa kuja siku moja na kupumzika siku moja usiitegemee. Malaria ya huku kwetu mara nyingi haifuati ratiba. Kwa mtu asiye na mazoea nayo inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya siku moja: kuchanganyikiwa, degedege, kupumua kwa shida, mkojo mweusi, macho ya manjano. Vipele si kawaida yake.

Kidingapopo huja ghafla. Homa kali, maumivu nyuma ya macho, misuli na mifupa kuuma, na vipele ambavyo mara nyingi hujitokeza baada ya siku chache. Ujanja wake uko hapa, naomba muushike: hatari yake kubwa huja homa inapoanza kushuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Watu wanasema "alhamdulillah amepoa", na hapo ndipo tumbo linapouma sana, kutapika hakukomi, fizi au pua zinatoka damu, choo kinakuwa cheusi, au hedhi inamwagika bila mpango. Mwanamke asiyejua hudhani ni mambo ya mwezi tu, akajifungia chumbani. Hapana. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Chikungunya hukamata viungo: vifundo vya mikono, vidole, vifundo vya miguu, magoti. Homa ikiondoka, maumivu yanaweza kubaki wiki hata miezi. Huua kwa nadra, lakini mama akiwa nayo wakati wa kujifungua inaweza kumuingia mtoto na kumuumiza vibaya. O'nyong'nyong ni hivyo hivyo, na mara nyingi tezi za shingo huvimba.

Sasa fumba macho mtu akutajie: homa, kichwa, viungo, uchovu. Umeweza kuchagua? Mimi siwezi. Na hapo sijataja homa zisizo za mbu: taifodi, homa ya mkojo ambayo huwapata sana wanawake waliotoka kuolewa, na kichocho kwa aliyeogelea ziwani.

Kuna mambo mawili yanayosaidia kuliko dalili, na yote anayajua mgonjwa mwenyewe kabla ya daktari.

La kwanza ni mbu gani. Mbu wa malaria, anofelesi, hula usiku, na chandarua ndicho adui yake. Mbu wa kidingapopo na chikungunya, aedesi, ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, na huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya jua kuzama. Huyu anazaa katika maji yaliyotulia karibu na nyumba: pipa, ndoo, tairi, kifuu cha nazi, na, dada zangu, vyombo vya maua ya harusi. Unaweza kulala ndani ya chandarua kila siku na ukapata kidingapopo ukiwa umekaa barazani unachorwa hina saa kumi jioni, miguu nje.

La pili ni kalenda. Malaria haitokei siku mbili baada ya kuumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi wiki mbili hivi, na inaweza kusubiri mwezi. Kidingapopo huchukua siku nne mpaka kumi hivi, na chikungunya karibu na hapo. Kwa hiyo biharusi aliyefika Butiama Jumatatu na akaumwa Alhamisi ya wiki hiyo, malaria ya Butiama haijawahi kumfikia. Tazama alikopita, tazama Dar, tazama kwao. Lakini aliyeshikwa na homa wiki ya pili, ya tatu au ya nne tangu afike, popote alipo, hata akiwa amesharudi Michenzani, jambo la kwanza kupimwa ni malaria. Mwari wetu alikuwa siku ya ishirini. Kalenda ilikuwa inatupigia kelele, sisi tunachemsha majani ya mpapai.

Mambo ya biharusi peke yake

Kuna mambo ambayo kijitabu cha afya hakitakuambia, kwa sababu kimeandikwa kwa mtu yeyote, na biharusi si mtu yeyote.

Daktari anapotaka kujua kama damu imepungua hutazama viganja na kucha. Viganja vya biharusi ni vyekundu kwa hina na kucha zake nyeusi kwa piko. Mwari wetu damu ilishuka na sisi tunasifu rangi ya mikono. Ukimpeleka mwenye hina hospitali, sema mwenyewe: "Mikono ina hina, tafadhali tazama ndani ya kope na ulimi." Na kile kifaa cha kubana kidole cha kupima hewa kinaweza kusoma vibaya juu ya piko; wamuwekee sehemu isiyopakwa, hata ncha ya sikio.

Vipele navyo. Biharusi akitoka vipele watu husema singo imemkataa, au piko lilichanganywa na dawa ya nywele. Huenda ni kweli. Lakini vipele pamoja na homa si singo.

Dawa za maumivu. Mpaka kidingapopo kikanushwe, usinywe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, na usikubali sindano yake; zinaweza kuchochea damu kutoka. Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha. Wanawake wengi hubeba vidonge hivyo vya maumivu mkobani kwa ajili ya hedhi, na mkono huenda huko wenyewe.

Mimba. Kama kuna uwezekano, hata wa siku chache, mwambie daktari kabla hajaandika dawa. Malaria kwa mjamzito inaweza kutoa mimba, kumuishia mama damu, au kumzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Usikwepe tiba kwa kuogopa dawa. Dawa ipo, daktari atachagua inayofaa. Na ukijaaliwa mimba ukiwa Mara, nenda kliniki mapema: huko kuna chandarua na dawa ya kukinga malaria inayoanza katika miezi mitatu ya kati na kuendelea.

Na Ramadhani. Mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa na Mola wao. Biharusi mwenye homa anayefunga ili mama mkwe asimuone mvivu hatafuti thawabu, anaogopa watu.

Haya inayoua

Hapo ndipo kwenye jeraha hasa. Nilimuuliza mwari, baada ya kupona, kwa nini hakusema mapema. Akaniambia mwili ulianza kumuuma tangu ndani ya boti, lakini somo yake alimfundisha kwamba mke mpya haonekani akilala mchana. Alijitia wanja akakaa na wageni siku mbili ana homa.

Simlaumu somo. Nasema tumpe somo jambo la kuongeza. Tunamfundisha mwari kutandika, kufukiza udi, kuongea na mume, kunyamaza anapostahili kunyamaza. Tumfundishe pia kusema, "Naumwa, nipelekeni nikapimwe." Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mume afundishwe hivyo hivyo kabla ya nikahi, kwamba kumpeleka mkewe kupima damu ni katika kumtunza, kama chakula na mavazi.

Wapo watakaoniambia: "Mama, tawakkul iko wapi? Ajali ikifika imefika." Nawajibu kwa adabu kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kumfunga ngamia kwanza ndipo tumtegemee Mwenyezi Mungu, na alituamrisha kutafuta dawa. Chandarua ni kamba ya ngamia. Mimi niliifungua kwa mkono wangu.

Wengine watasema: kipimo ni gharama, na zahanati ni mbali. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu la kidole na kusubiri robo saa hivi, na vituo vingi vya serikali huko Bara wanacho, kuanzia zahanati za vijijini. Linganisha na siku tano za wodini. Na kipimo kikisema huna malaria, usirudi nyumbani kusherehekea huku homa ipo. Uliza: "Basi ni nini?" Omba kidingapopo nacho kitazamwe pale wanapoweza, hasa siku za mwanzo. Na kinyume chake pia ni kweli: aliyetibiwa malaria wiki mbili nyuma anaweza bado kuonesha mstari wa pili kwenye kipimo cha haraka, hali homa ya leo ni nyingine. Ndiyo maana historia yako ni dawa. Ibebe.

Sanduku la biharusi

Kwa hiyo mimi, kama mzazi, sanduku la mwari wa pili nitalipanga hivi, inshaallah. Juu ya kanga na manukato, chandarua chenye dawa, na ahadi kwamba hakuna atakayekifunga fundo kwa ajili ya picha. Picha zipigwe mchana, kisha kishushwe. Kabla ya safari, daktari aulizwe kuhusu vidonge vya kukinga malaria kwa anayetoka kisiwani. Parasetamoli iwemo, diklofenaki isiwemo. Madera marefu na soksi nyepesi za jioni za barazani. Vyombo vya maua vimwagwe maji kila siku chache na kusuguliwa, na pipa lifunikwe.

Na kijidaftari kidogo. Ukurasa wa kwanza uandikwe tarehe: nimeondoka Unguja lini, nimelala Dar siku ngapi, nimefika Butiama lini, nimerudi lini. Homa ikija, tarehe ya homa. Ukifika kwa daktari, useme maneno manne: nimetoka wapi, homa imeanza lini, nimekunywa dawa gani, nina mimba au sijui. Hayo manne yatamsaidia kuliko shangazi kumi waliokaa barazani na majina yao ya homa.

Baada ya mwari kulazwa, afisa wa afya alikuja nyumbani kwetu. Huku visiwani mtu akionekana na malaria hufuatwa, na waliomo ndani ya nyumba hupimwa, ili isije ikaota tena. Alituuliza nani mwingine alisafiri. Nikanyoosha mkono. Nikachomwa kidole, sina kitu, alhamdulillah. Akaniuliza kule tulilala na chandarua? Nikamwambia ukweli wote, na fundo lake. Hakunikemea. Aliandika tu.

Wiki iliyofuata nikampigia simu mama mkwe wa Butiama kuomba radhi. Akacheka, akasema, "Mwanangu, nilijua mkiondoka nitakishusha. Nikaona haya kuingia chumba cha maharusi." Tukacheka wote wawili, halafu tukanyamaza kidogo kwenye simu, kila mtu na haya yake.

Mwari alirudi kwa mumewe baada ya mwezi. Picha aliyonitumia safari hii ni ya kitanda: mashuka meupe, vikuba viwili, na chandarua kimeshushwa mpaka chini, kimechomekwa godoro pande zote nne. Wallahi sijaona kitanda kilichopambwa vizuri kama kile.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabiharusi wetu popote walipo, awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi wakubwa ujasiri wa kusema "sijui, twende tukapime". Aamin.